Uvimbe Wenye Kazi Yake

Jumanne nilikuwa kwenye duka la dawa pale Gongoni, nyuma ya mama mmoja na binti yake aliyefungwa waya za kunyoosha meno. Waya zilikuwa zimekazwa siku iliyotangulia, na binti alikuwa ameshika shavu. Muuzaji hakuuliza lolote. Alisukuma mezani vidonge vya kukausha uvimbe.

"Samahani, baba," binti alisema taratibu. "Daktari amenikataza vidonge hivyo. Anasema huu uvimbe mdogo ndio unaoulegeza mfupa, jino lipate kusogea. Nikiuzima, meno yanaweza kuchelewa. Ameniambia nitumie parasetamo."

Muuzaji alichekea puani. "Uvimbe ni ugonjwa, mwanangu. Huyo daktari wako anataka uteseke tu."

Mama alivitazama vidonge, akamtazama binti, kisha akavirudisha kwa kidole kimoja. "Tupe parasetamo."

Watu wa namna hii tunao kila kaunta: koti jeupe, kalamu mfukoni, na kichwa kisichoingia neno jipya. Mama na binti walipotoka, muuzaji alinigeukia, bado anatabasamu.

"Na wewe mzee, nikupe nini?"

Nilikuwa nimefuata dawa ya goti. Nikamwambia sihitaji kitu, nikachechemea hadi hospitali.