Mikono Juu Hadi Makongeni

Niliondoka Shauri Moyo kwa sababu ya redio ambayo haikuwahi kununuliwa. Ninyi mliokuwa mashambani mwaka ule wa themanini na mbili, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali wakashindwa, mlisikia habari tu. Sisi wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, tulitembea ndani yake kwa miguu, na mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Nilikuwa fundi wa redio. Rafiki yangu Wekesa, mfanyakazi wa reli, alikaa Makongeni. Alipooa nilimtengenezea redio kutokana na tatu zilizokufa: kasha la moja, spika ya nyingine, na kibao cha nyuma nilichokata kwenye sanduku la majani chai. Sasa maduka ya mjini yalikuwa yameporwa, na askari walipita nyumba kwa nyumba wakidai risiti. Kitu kisicho na risiti kilikuwa cha wizi, basi. Watu walitupa mitaroni hata vitu vyao halali. Wekesa hakuitupa yake, na Alhamisi asubuhi nikaletewa habari kwamba amechukuliwa pamoja nayo.

Saa tatu nilitia bisibisi mfukoni nikatoka. Nilitaka kuifungua ile redio mbele ya wakubwa, wajionee wenyewe kwamba hakuna duka duniani linaloweza kuuza kitu cha namna ile.

Barabara ya Jogoo siku zile ulitembea umeinua mikono, kipande chako, yaani kitambulisho, kikiwa kati ya vidole. Wazee, akina mama, wote mikono juu. Karibu na soko la Burma askari mmoja, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, alinichuchumalisha kando ya lami akanipekua. Bisibisi aliitazama kama bunduki, akaitupa ng'ambo. Nilimshukuru. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: kwamba nilimshukuru.

Makongeni nilifika saa tano, mabega yakiniuma. Mama Nekesa, mkewe Wekesa, alikuwa peke yake, na milango yote ya jirani ilikuwa imefungwa. Akanieleza kwamba askari waliwauliza majirani redio ilitoka wapi, nao wakajibu hawajui. Hawajui! Watu waliojazana mle ndani kila Jumamosi kusikiliza mpira, wakinywa chai ya watu. Nilitamani kuupiga teke kila mlango mpaka mwisho wa mstari. Mama Nekesa alinifungia chapati mbili kwenye gazeti, za mumewe.

"Shemeji, sema tu ukweli," aliniambia. "Usibishane nao."

Saa sita nilikuwa kwenye ukumbi alionielekeza, ambao askari waliugeuza mahabusu. Mlangoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza koplo, na nyuma ya koplo rundo la vitu vya watu: vitanda, cherehani, saa za ukutani. Redio yangu niliiona mara moja. Nilimweleza kwamba niliiunda kwa mikono yangu, na kwamba spika imefungwa kwa kamba ya kiatu. Aifungue tu, hata kwa sarafu. Hakuigusa. Aliagiza Wekesa aletwe.

Alikuja bila viatu, mdomo umevimba.

"Unamjua huyu?" koplo aliuliza.

Wekesa alinitazama vizuri, kuanzia miguuni. "Hapana, afande. Sijawahi kumwona."

Nilianza kusema, nikaapa, nikalitaja hata jina la binti yake. Koplo alicheka, akaniambia rafiki mwenyewe hanitaki, niondoke kabla hajabadilisha nia.

Nikarudi njia ile ile, mikono juu. Makongeni nilimrudishia Mama Nekesa chapati zake, nikamwambia mumewe ni mzima. Kwamba alinikana sikumwambia. Kuanzia pale hadi Shauri Moyo nilimtukana Wekesa moyoni kwa lugha zote ninazozijua.

Wiki ya tatu wakamwachilia. Alikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu, amekonda, mikono mitupu. Redio walibaki nayo.

"Mle ndani tulikuwa na watu wanne waliokuja tu kutetea marafiki," alisema. "Ukisema unamjua mtu, mnafungiwa pamoja. Ningesema nini?"

"Ungeniachia niamue mwenyewe."

"Uko na watoto, Njoroge."

"Nilikuwa nao hata nikitoka nyumbani."

Nilimpa stuli, nikaenda kumtafutia chai, kwa sababu nilikuwa nimekasirika mno kukaa naye. Safari ile haikuzidi mwendo wa saa tatu, lakini ilinifunza jambo ambalo sijalipenda bado. Rafiki anaweza kukubali kuozea ndani kwa ajili yako, na papo hapo asiamini kwamba na wewe ungeweza kuozea ndani kwa ajili yake. Wale askari wa mezani walitufanyia hivyo. Redio ni kitu kidogo, hili sitawasamehe.

Kabla ya Krismasi nilimuundia nyingine. Hiyo nilimwandikia risiti, ingawa hakunilipa kitu. Nilitia jina langu lote, nambari ya kipande na mahali pa kibanda. Wakija tena kumuuliza kama ananijua, jina langu liko pale, apende asipende.