Modeme mu Fundo ya Kikwembe

Mimi nilisoma miaka tatu tu, kisha mama akanipa jembe. Lakini nyumba yangu iko na ordinatere mbili, zile kompyuta, na muntu asiniambie ya kama sijui kazi yao. Ile kubwa ya salon, kule kwa kupokea wageni, njo inakamata modeme, kale kadude kenye kuleta internet. Kutoka pale waya inapita chini ya mulango mpaka mu chumba ya mujukuu wangu, na ile yake inanyonya kwa kubwa, sawa mutoto ku titi. Yake ni ya kubeba mu mukoba, iko na kamera, lakini tundu zake za modeme zilivunjika. Ile kubwa haina kamera. Basi moja haiwezi bila ingine.

Ile siku, saa tisa ya muchana, universite moja ya ng'ambo ilipaswa kumupima mujukuu kwa maswali, bakiona uso wake. Nafasi ilikuwa moja. Asipoonekana, banaita mwingine.

Saa nane mawingu ilisimama juu ya mutaa ya Karavia, nyeusi sawa ule mulima wa takataka ya shaba. Upepo ulikatika. Kuku ziliingia ndani zenyewe.

Mimi na radi hatusikilizane. Dada yangu alikufa nayo kule kwetu, angali na sufuria mu mukono. Toka ile wakati, ikinguruma mara moja, nafunika kioo, natosha kila waya mu ukuta, nachomoa yote.

"Nkambo, tafazali, leo usitoshe waya," mujukuu aliniambia. Alikuwa ameshavaa shati yake nyeupe ya misa.

"Imenguruma?"

"Bado."

"Basi unanililia nini?"

Akafungua mashine yake. Internet hapana. Akazima, akawasha. Akatosha waya, akarudisha. Hapana. Kule salon, ile kubwa ilikuwa na internet muzuri, inashiba peke yake. Nikamuita baba yake mudogo, mutoto wangu wa mwisho, mwenye kutengeneza mashine ku Makomeno. Alifika na pikipiki, anaangalia mbingu kuliko njia.

Akabadilisha waya. Hapana. Ngurumo ya kwanza ikapita mbali, sawa muntu anakokota pipa. Mukono yangu ikaenda ku ukuta yenyewe. Mujukuu akaniangalia. Nikairudisha.

"Mama," mutoto wangu akauliza, "nani alishika modeme?"

"Mimi. Nani mwingine? Kila magharibi naitosha, naifunga mu fundo ya kikwembe, hii kitenge ya kiuno, nalala nayo. Kintu ya bei hailale inje."

"Na asubui unairudisha mu tundu gani?"

"Tundu ni tundu."

"Mama, hii si mbuzi ya kufunga ku muti yoyote. Ile kubwa inajua modeme yake ku tundu ya juu. Leo umeiweka ku ya chini. Inawaza ni modeme ingine, haikubali tena kugawia mudogo wake."

"Basi iko na choyo."

"Ni wewe, mama."

Hakuna muntu mwenye kunisemea vile mu nyumba yangu. Lakini ilikuwa kweli. Akaihamisha ku tundu ya juu. Saa tisa ilikuwa imepita na dakika nane. Kule chumba tukasikia mwanaume anasalimia kwa Kifaransa, anauliza juu ya nini amechelewa. Mujukuu akajibu ya kama koneksio ilikatika. Hakunitaja.

Ndipo mbingu ikapasuka. Salon yote ikawa nyeupe.

"Mama, toka pale ku ukuta."

Sikutoka. Niliweka mugongo mbele ya zile waya, ili mukono wa muntu usifike pale, na wangu wa kwanza. Kioo ilikuwa wazi mbele yangu, nikajiona ndani mwake, mudomo inaomba Mama Maria. Mvua ikaanguka yote mara moja. Kule ndani alikuwa anajibu, na Kifaransa yake inanyooka sawa reli.

Radi ikapiga nguzo ya umeme ya barabara. Ile kubwa ikalia mara moja, ikatosha harufu ya mupira wenye kuungua. Kamwanga ka modeme kakazimika.

Ile ya mujukuu iko na moto wake ndani, mu betri, haikuzima. Mutoto wangu na mimi tukaangaliana. Nyuma ya mulango yeye alikuwa angali anajibu, polepole, muzuri sana, kwa muntu mwenye hamusikie tena.