Korongo Ishirini na Mmoja wa Shunpei

Shunpei Kurihara, mtoto wa kinyozi wa Okayama, ana kipaji kimoja tu: kukwepa kazi huku akionekana ndiye msimamizi wake. Ndiyo maana wenzake walimchagua mwenyekiti wa darasa. Ndiyo maana pia safari ya kubadilishana wanafunzi na shule moja ya Korea ilimtokea puani.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Wanafunzi arobaini, kila mmoja akunje korongo wa karatasi ishirini na tano, watungwe kwenye nyuzi, wakatundikwe huko Korea, kwenye mnara wa kumbukumbu ya Wakorea waliokufa kwa bomu la Hiroshima. Elfu moja kamili, kama ilivyo desturi ya Wajapani ya kuombea amani. Shunpei aliwafokea wenzake wiki tatu nzima. Yeye alikunja wanne, akachoka, akaandika "tayari" mbele ya jina lake.

Basi linakaribia mnara ndipo anakumbuka kwamba msoma hotuba ni yeye. Mwalimu Ogata alishaisahihisha hotuba hiyo mara sita mpaka ikabaki maji matupu, lakini namba aliiacha: korongo elfu moja.

Akamnong'oneza Gyuwon, mwenyeji wake, Mkorea anayeongea Kijapani kuliko Wajapani.

"Sasa shida nini, kaka? Sema elfu, shuka, tukale. Nani atahesabu?"

"Ningekuwa nawadanganya walimu, sawa, nimezoea. Hawa ni marehemu."

Gyuwon akamwambia marehemu hawana simu ya kumpigia mwalimu. Haikusaidia.

Pale mnarani Bi Noh, mtunzaji, bibi wa miaka themanini, alikuwa ameegemea fagio lake. Shunpei akainama, akafungua karatasi ya hotuba, akaikunja tena bila kuisoma.

"Tumeleta korongo mia tisa sabini na tisa," akasema. "Waliopungua ni wangu. Sikuwakunja. Nilikuwa nalala."

Gyuwon akatafsiri huku anauma midomo. Mwalimu Ogata akapauka kama tofu. Bi Noh akaomba hiyo namba irudiwe, halafu akaongea taratibu.

"Kila shule inaleta elfu. Mkiondoka nawahesabu hao korongo, maana kipindi cha baridi hapa sina kazi. Kuna walioleta mia nane na kumi. Nikanyamaza, wageni hao. Lakini wewe umesema mwenyewe, na jina la baba yangu liko kwenye hilo jiwe. Vua viatu, ingia ndani, malizia."

Mwalimu akajitetea kwamba ratiba inasema saa nne na dakika arobaini wawe makumbusho, saa sita chakula. Bi Noh akamjibu kwamba basi lina magurudumu, halina haraka.

Basi Shunpei akaketi ndani ya kibanda cha Bi Noh, kwenye sakafu ya Kikorea inayopashwa joto kwa chini. Wa kwanza Bi Noh alimgeuza-geuza, akasema huyu kuku, akamkunjua ili aanze upya. Wa pili naye kuku. Nje wenzake wanagonga dirisha wakimuuliza mheshimiwa mwenyekiti kama anataga au anaatamia.

Wa ishirini na mmoja alikubaliwa saa nane mchana. Bi Noh akawatundika wote bila asante, akarudi kufagia. Kwenye basi, njaa ikiwauma, darasa likapiga kura na kumchagua mwenyekiti mwingine kabla hawajafika barabara kuu.