Kabureta ya Gari Kwenye Boti

Fundi aliyenipokea Ujiji aliamini injini ni injini, iwe ya barabarani au ya majini. Mimi nilikuwa mzururaji niliyeacha shule darasa la sita. Alinipa kazi baada ya kuchoka kunifukuza na maswali yangu.

Mtu mmoja alileta boti ya zamani, injini yake ya petroli imefungwa ndani, kabureta imeliwa na kutu. Fundi alikuwa na gari bovu kule Katubuka lenye injini ya aina ileile. Akafungua kabureta ya gari, akaijaribu kwenye boti, matundu ya boliti yakakubali.

Nikazilinganisha. Ya boti ilikuwa na kijibomba cha kurudisha ndani ya injini petroli inayofurika. Ya gari hufurikia nje. Barabarani upepo huichukua. Kwenye boti ingeshuka chini kabisa, sakafuni mwa boti, na mvuke wake ulale humo ukingoja cheche.

Nikamwambia mbele ya wateja.

"Profesa wa darasa la sita," akasema, "nenda kawafundishe dagaa kuogelea."

Walicheka wote, hata mwenye boti. Siku mbili nzima nikawa naamkiwa "Shikamoo, Profesa" na watu walionizidi umri.

Siku ya majaribio niliona kabureta ikidondosha petroli, na harufu niliisikia. Nikashuka kwenye boti, nikasimama mchangani mbali kidogo, mikono nimekunja. Nilitaka aaibike. Siwezi kudai sikujua aibu hiyo ingekuja na moto.

Fundi aliinama, akapiga stata. Moto ulipanda kutoka miguuni pake. Alijitupa ziwani, na alipoibuka, ngozi ya mikono ilikuwa ikining'inia.

Nilimkuta hospitali amefungwa bandeji hadi viwikoni. Huyu ndiye aliyekuwa akijua jeti ya kabureta imechakaa kwa kuigusa tu kwa ncha ya kidole. Daktari alikuwa ameshamwambia vidole vya kulia havitakunjuka tena. Fundi akaniuliza kama siku ile niliona petroli. Nikakiri.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukanicheka."

Alitazama dari. "Mara ya pili, mdogo wangu. Ungesema mara ya pili."

Inzi alitua shavuni pake. Akaniomba nimfukuze, nikamfukuza, akarudi palepale. Nikaaga.

Kesho yake asubuhi alikuja mtu karakanani na injini yake begani, akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ni mimi.