Mchoraji Kanifuta Nikiwa Nimesimama

Jamani, leo nimefutwa nikiwa nimesimama! Hebu niambieni kama nalalamika bure.

Mzungu mmoja mchoraji kaja na turubai la kuchorea, kubwa kama mlango wa kanisa, kaliweka mbele ya nyumba yangu, huku nyikani nje ya Same.

"Mama, simama pale, nipate kipimo."

Kipimo cha nini? Nikasimama tu.

Baadaye nachungulia: milima ya Upare ipo, maua yapo. Niliposimama mimi? Pundamilia!

"Na nyumba yangu?"

"Inaharibu picha."

Akapita Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, akaitazama ile picha sana. "Pazuri. Kumbe hapana watu."

Hapana watu? Nikakimbilia jikoni, nikawasha kuni mbichi, moshi ukapanda, waone pana mtu.

Mchoraji akauona. Akachovya brashi.

Akachora wingu.