Mbayuwayu wa Tatu

Watu wa Louisville, Marekani, walianza kumwogopa Zenoni Kwizera baada ya mazishi ya Mchungaji Karoli. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kigoma, mpole, mwenye kicheko kidogo cha puani. Wiki nzima alipakia vifurushi ghalani, na Jumamosi alibeba kamera yake kwenye harusi na misiba. Mchungaji alimwita ampige picha ya kalenda ya kanisa. Akampiga, amevaa suti ya buluu, anatabasamu. Kalenda hazijatoka kwa mchapaji, Mchungaji akaanguka bafuni na hakuamka tena. Picha ile ile ndiyo iliyosimamishwa juu ya jeneza.

Lingekuwa hilo tu, watu wangesahau. Lakini kabla yake kulikuwa na bwana harusi aliyegongwa na lori, na bibi mmoja aliyepigwa picha akiwa mzima, akazikwa kabla picha haijaingia kwenye fremu. Maneno yakatungwa kama shanga. Polycarpe, Mkongo aliyefanya naye kazi ghalani, ndiye aliyethubutu kumwambia usoni.

"Bon, ndugu yangu, usikasirike. Batu banasema ile kamera yako iko na mambo. Mutu ukishamupiga photo, hakawii."

"Na wewe unasemaje?"

Polycarpe alivaa glavu zake taratibu. "Miye sisemi kitu. Donc, usinipige tu, ni vile."

Zenoni alicheka. Ila nyumbani alianza kuona jambo. Kila alipoinua kamera dirishani, kwenye mwanga mzuri, mkewe Angelika aliwaita watoto jikoni. Siku moja Zenoni aliifunga kamera kwenye mkoba wake, akaapa hatapiga tena kitu chenye pumzi.

Ndipo alipokumbuka jumba la makumbusho la Columbus, Ohio. Aliwahi kuingia humo baada ya msiba wa jamaa, akikimbia baridi, akakuta chombo cha anga kimeegeshwa chini ya taa. Kampuni moja ya Ohio ilikuwa imeunda vitatu vya namna hiyo, ikaviita Mbayuwayu, kwa kuwa viliondoka na kurudi. Vilipanda na watu mpaka nje ya dunia, vikatua kwenye uwanja kama ndege, vikaoshwa, vikatiwa viraka, vikapanda tena. Sasa zama hizo zilikuwa zinakwisha, navyo vilistaafishwa kimoja kimoja.

Zenoni alirudi kukipiga picha kile cha kwanza. Alipiga tumbo lake lililobabuka, vigae vyeusi vya kukinga moto vilivyopangwa kama magamba ya samaki, kioo cha rubani kilichokwaruzwa na safari. Moyo wake ulitulia. Hiki kilikuwa kimekwisha kufa, hakuna ambaye angemnyooshea kidole. Tangu hapo, kila alipopata mapumziko, alishika barabara ya Columbus.

Siku moja alikuta chombo kingine mahali pale, cheupe zaidi. Akadhani ni cha pili. Alikipiga mbele na nyuma, kisha akalala chali sakafuni chini ya bawa la kushoto, lenzi karibu kugusa vigae. Alipotoka alimuuliza mama msimamizi wa ukumbi, "Na hiki kilistaafu lini?"

"Hiki? Bado," alisema yule mama. "Hiki ni cha tatu. Tumekiazima kwa wiki moja tu, watu wakione. Kina safari moja imebaki, ya kuagia."

Zenoni aligeuka akakitazama tena. "Kinakwenda na watu?"

"Marubani wawili. Asubuhi walikuwa hapa hapa, wanasalimiana na watoto wa shule."

Alikaa ndani ya gari muda mrefu. Kisha akaziita picha zile kwenye kamera na kuzifuta zote, moja baada ya nyingine. Alipomaliza alijiona mpumbavu. Kama picha inaua, kuifuta kunazuia nini?

Akampigia dada yake Agata, aliyekaa Buffalo, mtaa wa Lower West Side, akihudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Agata ndiye aliyembeba mgongoni wakivuka kuingia Tanzania.

"Mdogo wangu," alisema Agata, "anayeita watu ni Mungu. Wewe unabonyeza kidude tu."

"Na kama watu wanasema kweli, dada?"

"Watu! Watu walisema hatutafika hata Kigoma."

Siku chombo cha tatu kilipokuwa kinarudi kutoka safari ile ya kuagia, wafanyakazi wa ghala walijazana chumba cha chakula mbele ya televisheni. Mtangazaji aliyekuwa akibwabwaja alinyamaza ghafla. Chombo kilitokea angani kikivuta moshi upande mmoja. Kiligusa uwanja, kikalala ubavu, bawa likakatika, moto ukawaka. Magari ya zimamoto yakakizunguka. Baadaye mtu mmoja alionekana akitembea, wa pili amebebwa, mikono yake imeungua. Chumba kizima kilipiga makofi, wapo hai. Zenoni hakupiga.

Polycarpe, aliyejua safari zake za Columbus, alimtazama. "Hii kitu uliipiga?"

"Nilizifuta picha."

Polycarpe alisogeza kiti chake mbali naye.

Kampuni ikatangaza kwamba hakuna Mbayuwayu atakayeruka tena. Wachunguzi walisema kigae kimoja chini ya bawa la kushoto kilikuwa na ufa, huenda tangu kabla ya safari, hawana hakika. Hapo ndipo woga wa Zenoni ulipobadilika sura. Alikuwa amelala chini ya bawa lile lile. Je, ufa ulikuwepo? Aliuona, macho yakaupita? Alifumba macho akijaribu kuirudisha ile picha aliyoifuta, akaona weusi tu.

Mabaki yalipelekwa Buffalo, kwenye banda la zamani la chuma kando ya ziwa, na wapiga picha wakaruhusiwa kuingia kabla hayajakatwakatwa. Zenoni alikataa kwenda. Agata ndiye aliyemlazimisha, tena akaja naye, kitenge chini, koti la theluji juu. Upepo ulipenya kwenye mabati ukipiga mluzi. Harufu ya kuungua ilikuwa haijatoka. Zenoni alipiga shina la bawa, vyuma vimejikunja, wala hapakuwa na kigae hata kimoja cha kumpa jibu.

Agata akaenda kusimama mbele ya mabaki. "Haya, nipige."

"Dada, hapana."

"Tangu tutoke Mtabila huna picha yangu hata moja. Unangoja nife ndiyo uje na kamera?"

Zenoni aliinua kamera. Alibonyeza.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Agata ameitundika sebuleni na kuwatumia ndugu wote kwenye simu. Huko Louisville harusi zinapita bila Zenoni kuitwa, naye halalamiki.

Ila tangu baridi iingie Agata anakohoa. Daktari anasema ni mafua tu. Zenoni humpigia kila jioni kabla ya kuingia kazini, akiwa amesimama kwenye maegesho, na simu huita, huita.

"Bado nipo," Agata husema hatimaye, kisha hukohoa kwa muda. "Umeshakula?"