Klachi ya Kigari cha Mama

Mama hakuwa amemaliza hata mwezi kwangu Pearland, mji wa pembeni mwa Houston huko Marekani, akaanza kuulizia tiketi ya kurudi Tanga. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na nilikuwa nimejiapiza kwamba mama yangu hatalala tena peke yake katika nyumba ile kubwa. Yeye alikuwa na hoja moja tu, na kila nikirudi kazini alinipa hiyo hiyo: "Mwanangu, hapa nimwamkie nani?"

Alikuwa anasema kweli. Kule Tanga asubuhi yake haianzi mpaka apite kwa majirani, apige hodi, ajue nani kaamkaje, nani anaumwa, nani kajifungua. Huku kwangu, mimi na mke wangu tulitoka alfajiri kwenda hospitalini Houston, yeye wodini, mimi kwenye kompyuta, tukamwachia mama kadi za simu za kukwangua. Alizimaliza kabla ya adhuhuri, akiulizia habari za mtaa aliouacha. Kutoka nje hakuweza, maana magoti yalikuwa mabovu, na mtaa wetu ulichorwa na mtu ambaye nadhani hakuwahi kuwa na miguu.

Mimi, kwa akili zangu nyingi, nikaona jibu: kigari cha gofu! Nikakinunua kikuukuu, cha petroli, kwa mtu aliyekuwa anahama. Kichwani nilishamwona mama amekaa mbele na baibui lake, anazungushwa mtaa mzima, anapunga mkono, anaitikia salamu kulia na kushoto. Nilijipongeza njia nzima.

Siku ya kumpandisha, kigari kilifika mwisho wa ua wetu, kikalia kama mbuzi anayechinjwa, kikatetemeka, kikagoma. Injini inanguruma, magurudumu yametulia tuli. Mama akashuka taratibu, akaweka sawa mtandio wake.

"Hiki nacho kimechoka kama mie," akasema.

Mke wangu akashauri tuite fundi. Fundi! Nikamwambia kitu kidogo kama hicho nita-fix mwenyewe Jumamosi. Akacheka.

"Wewe? Balbu ya chooni ina mwezi sasa imeungua."

Loh! Hapo ndipo kichwa kilipovimba zaidi. Jumamosi nikafungua mlango wa gereji yetu ya nyumbani, nikamwekea mama kiti kivulini, nikang'oa kiti cha kigari nione kilichomo.

Klachi ya vigari vile si kama ya gari la kawaida. Ni magurudumu mawili madogo yaliyounganishwa na mkanda wa mpira, na kila gurudumu ni sahani mbili za chuma zinazotazamana. Injini ikishika kasi, vipande vya chuma vilivyomo ndani hutanuka, vikazisukuma sahani zikabana mkanda, na kigari kikaondoka. Haya nayajua leo. Siku ile niliona kitu kinachopiga kelele, na mtu wa kwetu akiona kitu kinapiga kelele, dawa yake anaijua. Bawaba, baiskeli, cherehani, kitanda, vyote ni mafuta tu. Nikachukua kopo la grisi, nikapaka zile sahani, nikapaka mkanda pande zote mbili, kwa mapenzi kabisa, kama ninayemsinga bibi harusi.

"Hapo sawa, baba," mama akanisifu kutoka kitini. "Kilikauka hicho."

Nikawasha. Kelele kwisha! Na mwendo nao kwisha kabisa, maana mkanda ulikuwa unateleza kama sabuni. Basi msomi mimi nikafanya nini? Nikaongeza grisi.

Wikiendi zikafuatana, na jioni nyingi za katikati. Mlango wa gereji wazi, mimi chini, mama kitini, joto la Houston linatuchemsha sote wawili. Jirani wa kwanza kusimama alikuwa dada mmoja Mkongo wa nyumba ya kona, aliyekuwa analea wazee zamu ya usiku. Alisikia Kiswahili changu cha kugombana na bolti, akarudisha gari nyuma.

"Mama, jambo! Mama wa Tanzania?" akapaza sauti. Mama aliinuka bila kukumbuka magoti. Baada ya hapo kila akienda kazini dada yule alisimama, akamwuliza mama alilala muzuri, kisha akanichungulia mimi. "Papa, hiyo mashini haiyapona?" Wakacheka wote wawili, na mimi nikajifanya sijasikia.

Wa pili alikuwa mzee wa Kimarekani, mwalimu wa muziki mstaafu, na mbwa wake. Mama alimwonyesha kwa mkono kwamba mbwa abaki kule barabarani, na mzee akatii. Yeye Kiingereza, mama Kiswahili, wakaongea nusu saa kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna aliyeonekana kupungukiwa. Siku moja mzee akagusa mkanda wangu kwa kidole, akakinusa kidole, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akanieleza kwamba alikozaliwa, kaskazini kabisa, alikuwa na pikipiki ya kuendea kwenye theluji, na klachi yake ilikuwa ya namna hii hii. Klachi hii inafanya kazi kwa kubana, akasema, na kubana kunataka ukavu. Tone moja la mafuta ni ugonjwa. Mimi nilikuwa nimeikaanga.

Nikaanza upya. Nikanunua mkanda mpya, nikafuta sahani kwa dawa ya kuondolea mafuta, nikazisugua kidogo kwa msasa laini. Nikafungua gurudumu la mbele la klachi bila kukandamiza springi, springi ikaruka, ikapita sikio langu, ikatua kwenye beseni la mchele aliokuwa akichambua mama. "Yarabi toba!" akapiga kelele, na dada Mkongo, aliyekuwa amesimama pale, akasimulia tukio lile mtaa mzima, ndivyo nilivyogundua kwamba mtaa ulikuwa na watu. Nikairudisha klachi bila kuweka alama ya nini kilikaa wapi, kigari kikatikisika hata meno yakagongana. Nikaifungua tena. Safari hii nikaweka alama kwa kalamu, nikabadilisha vile vipande vilivyolika, nikafunga polepole. Nikawasha, nikakanyaga, na kigari kikaondoka laini, kimya. Wallahi nilipiga vigelegele, mwanaume mzima.

Jumapili mchana nikampandisha mama. Alikuwa amevaa vizuri, amejitia udi. Tukazunguka barabara ya kwanza, ya pili, tukafika mpaka bwawani. Milango yote ya gereji imefungwa, mapazia yameshushwa, viyoyozi vinavuma. Hatukukuta mtu hata mmoja nje. Mkono wa mama ulikuwa tayari kupungwa, umelala magotini. Mimi nilizidi kuongeza mwendo, kana kwamba watu wapo kona inayofuata, na moyo ulikuwa unaniuma.

Tuliporudi nikafunga mlango wa gereji, maana kazi ilikuwa imekwisha. Wale jirani zetu wawili wakapita jioni ile, nikawaona dirishani. Kwa nini wasimame? Hakukuwa na kioja cha kutazama.

Baada ya chakula mama akasema kwa upole, "Kesho niangalizie tiketi, mwanangu."

Asubuhi sikwenda kazini. Nikafungua gereji, nikafungua klachi ile niliyoifunga kwa jasho langu, nikautoa mkanda mzima mzima, nikaufungia kwenye buti la gari. Nikaingia ndani nikiwa nimeshanawa, mikono safi kabisa, maana hata kudanganya sijui.

"Mama, klachi imekufa tena."

Akaitazama mikono yangu, kisha akanitazama usoni.

"Alhamdulillahi," akasema. Akavuta mtandio wake, akaanza kujikongoja kuelekea gereji, akaniambia bila kugeuka kwamba hiyo tiketi nisiiharakishe, kazi yenyewe anaona siiwezi peke yangu.